Dole Lililochelewa

Asubuhi ya siku ya pili Lestrade, inspekta wa Scotland Yard, anampelekea Sherlock Holmes telegramu yenye kejeli ndani yake. Ushahidi mpya umepatikana, hatia ya kijana McFarlane haina shaka tena, na Holmes anashauriwa aachane na kesi hiyo. Ushahidi wenyewe ni dole gumba la damu kwenye ukuta wa chokaa, katika ukumbi wenye giza wa nyumba ya Jonas Oldacre, mjenzi tajiri wa Norwood, kusini mwa London. Lestrade anawasha kiberiti na kukisogeza ukutani. Kisha anatoa kipande cha nta chenye alama ya dole la kulia la mshukiwa, iliyochukuliwa asubuhi hiyo hiyo kwa amri yake. Mistari inalingana, hata asiye mtaalamu anaona. Hapo Watson, anayetusimulia, anagundua kwamba rafiki yake anajizuia asicheke.

Hadithi hiyo ni The Adventure of the Norwood Builder, ambayo Arthur Conan Doyle aliitoa magazetini mwishoni mwa 1903. Ni hadithi fupi, lakini ndani yake mna karibu kila aina ya kielelezo ambacho upelelezi wa mauaji wa zama zile ulikijua: damu kwenye fimbo, nyayo zuliani, masalia yaliyoungua, vifungo vya suruali, mwandiko, dole. Kinachokosekana ni maiti, kwa sababu hakuna aliyeuawa. Naufichua mwisho makusudi. Hadithi iliyopita umri wa karne moja haina haki ya kudai siri, na fani yake haisomeki kama hujui inakoelekea.

Sisi wahakiki tukishika hadithi ya upelelezi hukimbilia maudhui: tamaa ya mali, kisasi, haki iliyopinda. Fani tunaipa aya mbili za mwisho, kwamba taharuki ipo na lugha ni nyepesi, basi. Kwa hadithi hii njia hiyo haitufikishi popote. Hatia ya McFarlane inaamuliwa na mpangilio wa siku, na nani alisimulia nini jioni ipi. Dole lile ukutani ni la McFarlane kweli, mstari kwa mstari. Kosa lake ni kwamba lilichelewa kufika.

Mwanzoni McFarlane, wakili kijana, anaingia nyumbani kwa Holmes, Baker Street, akihema, gazeti linamtaja kuwa anatafutwa kwa kumuua Oldacre. Lestrade anafika nyuma yake kumkamata, lakini anampa nusu saa ya kujieleza. Doyle amefanya jambo la busara hapa. Mshukiwa anapewa sauti kabla ya vielelezo kuanza kumwagika, kwa hiyo kila kielelezo kinachofuata kinabidi kipite mbele ya maelezo ambayo msomaji ameshayasikia. Jana yake Oldacre, mtu aliyemjua kwa jina tu, alikuja ofisini kwake na rasimu ya wosia wa kumrithisha mali yote. Usiku McFarlane akaenda Norwood kupitia hati, wakakaa mpaka karibu saa sita, akaondoka bila fimbo yake kwa kuwa haikuonekana. Usiku huo huo bohari ya mbao iliyo nyuma ya nyumba ikaungua. Chumbani palikutwa damu, sefu iko wazi, fimbo ina damu, mwenye nyumba hayupo.

Lestrade anampa Holmes rasimu ya wosia, na hapa ndipo penye ukurasa ninaoupenda kuliko yote. Holmes hajali maneno ya wosia. Anatazama mtikisiko wa mkono. Mistari fulani ni safi, mingine mibaya, mingine haisomeki kabisa. Ile safi iliandikwa treni iliposimama kituoni, ile mibaya treni ilipokuwa ikienda, na isiyosomeka ilipopita kwenye makutano ya reli. Makutano yaliyofuatana kwa haraka namna ile hupatikana karibu na jiji kubwa tu. Basi ni treni ya kitongoji, tena ya haraka, iliyosimama mara moja tu kati ya Norwood na London Bridge. Karatasi ya mirathi imegeuka taarifa ya safari. Na mtu anayegawa mali yake yote huku anarushwarushwa na behewa, hana nia ya wosia huo kutumika.

Huo ndio uchunguzi halisi wa nyaraka, kazi ambayo hadi leo inafanywa kwenye maabara za jinai, ingawa kwa vifaa ambavyo Doyle hakuviota. Kwa msuko wa hadithi una kazi nyingine. Katika theluthi ya kwanza unamfunza msomaji namna ya kusoma alama: kabla ya kuuliza ni ya nani, uliza iliwekwa lini na katika hali gani. Lestrade yupo, anasikia, na anauliza hayo yanahusiana vipi na kesi. Somo limetolewa mbele ya wanafunzi wawili, Lestrade na sisi. Dole linapotokea kesho yake, wote wawili tunakuwa tumeshasahau.

Jioni ya siku ya kwanza Holmes anarudi kutoka Norwood amekata tamaa. Watson hakwenda naye, kwa hiyo tunapata taarifa ndani ya taarifa: Watson anasimulia jinsi Holmes alivyosimulia. Isome taratibu sehemu hii. Bustani imekauka kwa jua la Agosti, haina nyayo. Kitu kama furushi kimeburutwa kupitia ua wa miti kuelekea kwenye rundo la mbao. Kwenye majivu askari wamepata masalia yaliyoungua na vifungo vyenye jina la mshoni wa Oldacre. Damu ya chumbani ni kidogo lakini mbichi. Zuliani kuna nyayo za watu wawili tu. Hati za kwenye sefu zilitiwa katika bahasha zilizofungwa kwa lakiri, na polisi wamefungua moja au mbili. Mtumishi wa nyumba ana kitu anachokijua na hasemi.

Ukumbi hautajwi. Ukuta wake hautajwi. Lakiri imetajwa, tena kwa kupita, katikati ya maneno mengine kuhusu fedha. Maana yake ni kwamba Doyle ametupa nyenzo ya udanganyifu na kutuficha jambo linalouthibitisha udanganyifu. Oldacre alimfanya McFarlane abonyeze dole kwenye lakiri laini walipokuwa wakifunga bahasha. Baadaye akatoa nakala yake kwa nta, akajichoma pini apate damu kidogo, alama ikagongwa ukutani usiku. Yote hayo msomaji makini angeweza kuyakisia kutokana na neno lile moja la jioni. Lakini kwamba ukuta ulikuwa mweupe jana yake, hilo tunalipata kinywani mwa Holmes baada ya dole kuonekana: anamwambia Watson kwamba aliukagua ukumbi ule jana na alama haikuwepo.

Wapo wanaoamini kwamba mwandishi wa upelelezi lazima amwekee msomaji kila kidokezo mezani, na hao wataita huu ulaghai. Mimi nasema ni nusu ya ulaghai. Ukuta usio na kitu haukai katika hadithi kwa utulivu, kwa kuwa mara msimulizi anapoutaja kuwa ni mweupe, msomaji mzoefu ameshaanza kungoja kitakachoandikwa juu yake. Doyle alikuwa na uchaguzi mbovu na mbovu zaidi, akachagua kunyamaza. Gharama ya ukimya huo ni kwamba uhai wa mtu sasa unategemea kumbukumbu ya shahidi mmoja ambaye hakuandika chochote. Tuchukulie kesi imefika mahakamani. Wakili wa upande wa mashtaka anamuuliza Holmes: Uliukagua ukuta saa ngapi? Kwa mwanga gani? (Lestrade alihitaji kiberiti kuiona alama, kumbuka.) Nani alikuwa nawe? Umeandika wapi? Kwa maswali hayo manne mpelelezi mkuu wa dunia angeshuka kizimbani akiwa ameloa jasho.

Uhalisia nao ulilijaribu jambo hili, tena hapo hapo kusini mwa London. Ofisi ya alama za vidole ya Scotland Yard ilianzishwa 1901. Mwaka 1902 mwizi wa Denmark Hill, aliyeacha dole kwenye rangi mbichi ya dirisha, akawa wa kwanza kutiwa hatiani Uingereza kwa ushahidi wa namna hiyo. Alikuwa ameiba mipira ya biliadi. Kisha, tarehe 27 Machi 1905, msimamizi wa duka la rangi la Deptford, Thomas Farrow, aliuawa kwa kupigwa, na mkewe akafa siku chache baadaye. Kisanduku cha fedha kilikutwa kitupu, na kwenye trei yake pana alama ya kidole gumba.

Wengi huisimulia kesi ya Deptford kwa mkato: dole lilipatikana, ndugu wawili Alfred na Albert Stratton wakanyongwa Mei 23. Mimi navutiwa na hatua za katikati, zile zisizo na taharuki. Mkuu wa upelelezi, Melville Macnaghten, aliuliza kwanza nani amekigusa kisanduku. Sajenti mmoja akakiri kwamba alikisukuma pembeni. Zikachukuliwa alama zake, na za marehemu wawili pia, ili ijulikane dole lile si la nani kabla ya kutafuta ni la nani. Kisanduku kikapelekwa ofisini kwa wataalamu, na alama ikaja kulingana na dole la kulia la Alfred. Mahakamani inspekta Charles Collins alileta picha zilizokuzwa, akaonyesha nukta 11 za kufanana. Upinzani ulipodai tofauti ndogo ndogo, alichukua madole ya mjumbe wa juri na kuonyesha jinsi mgandamizo tofauti unavyobadili sura ya alama ya mtu yule yule. Jaji Channell hata hivyo aliwatahadharisha wajumbe wasiitegemee alama peke yake. Kulikuwa na shahidi aliyemwona Alfred akikimbia, kulikuwa na habari za viatu vilivyobadilishwa rangi.

Linganisha sasa mitindo miwili ya usimulizi. Lestrade anasimulia dole kama kilele: kiberiti, ukuta, nta, ushindi. Collins anasimulia dole kama hatua kati ya hatua, na sehemu kubwa ya maelezo yake inahusu mambo yanayochosha: mikono iliyogusa, picha, karatasi. Hadithi ya upelelezi hulitupa jambo hili la kuchosha kwa sababu halina taharuki. Mahakama hulidai kwa sababu bila hilo dole halina wakati wala mahali. Mawakili wa Tanzania hawachoki kuitaja rufaa ya jinai namba 110 ya 2007, ambamo Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba mnyororo wa utunzaji wa kielelezo ni kumbukumbu ya maandishi inayoonyesha nani alikikamata, nani alikihifadhi, kikapita mikononi mwa nani, kikachunguzwa na nani. Holmes wa Norwood hana hata pete moja ya mnyororo huo. Ana uhakika wake tu.

Pana makosa ya namna nyingine, nayataja kwa ufupi yasichanganywe na haya. Mwaka 2004, baada ya mabomu ya treni za Madrid, FBI walimkamata wakili mmoja wa Oregon kwa kudai alama iliyokuwa kwenye mfuko wa plastiki ni yake. Polisi wa Hispania wakasema siye, na FBI wakaishia kuomba radhi. Pale mistari ilisomwa vibaya. Norwood mistari imesomwa sawasawa kabisa, na bado kijana angenyongwa.

Turudi kwenye hadithi, kwa Oldacre, kwa sababu ndiye mtunzi wa kweli ndani yake. Chuki yake ni ya zamani: mama yake McFarlane aliwahi kumkataa akaolewa na mwingine. Ana pia madeni ya kukwepa, na amekuwa akijilipa mwenyewe fedha kwa jina la uongo. Anachokifanya ni kuandika mauaji. Amechagua mhusika mkuu, amempa nia kwa njia ya wosia, amempa silaha kwa kumfichia fimbo, ameandaa mandhari ya moto. Kazi ilikuwa imekamilika siku ya kwanza. Siku ya pili akaongeza dole, na Holmes mwenyewe anamlaumu kwa kukosa kipaji cha kujua pa kukomea. Sijui mwalimu wa utunzi aliyepata kuonya dhidi ya aya ya ziada kwa mfano mzuri kuliko huu. Lakini angalia pia nani aliyelipokea dole hilo kwa shangwe. Mtumishi wa nyumba ndiye aliyemwonyesha askari wa usiku, na Lestrade hakuuliza kwa nini kitu kionekane leo ambacho hakikuonekana jana. Kielelezo kilikuja wakati alipokihitaji, nacho kikamthibitishia alichokwisha kukiamini.

Kisha moto. Holmes anapima korido ya juu, anaiona ni fupi kuliko ya chini kwa futi sita, anaagiza majani makavu na ndoo mbili za maji, anawasha moshi na kuwaambia askari wapige kelele za moto. Mlango uliofichwa unafunguka, Oldacre anatoka mbio kama sungura. Ni tukio la kuvutia na, kwa maoni yangu, ndipo hadithi inapokwepa deni lake. Vipimo vya korido vilitosha. Polisi wangevunja ukuta. Zaidi ya hayo, Oldacre akiwa hai mbele yetu, hakuna tena haja ya kuthibitisha chochote kuhusu ukuta, lakiri, wala pini. Swali zito ambalo hadithi ililizua, la jinsi ya kumtetea mtu ambaye dole lake ni lake kweli, linajibiwa na moshi. McFarlane haokolewi na sayansi. Anaokolewa na maiti inayokohoa.

Dole lenyewe lilikuwa na safari ndefu kabla ya kufika Norwood. Utaratibu wa kuyapanga madole kwenye majalada, uliokuja kuitwa kwa jina la mkuu wa polisi Edward Henry, ulikamilishwa Bengal, na mahesabu yake yakafanywa na Azizul Haque na Hem Chandra Bose, wafanyakazi wake wa Kihindi. Ilikuwa kazi ya kuwatambua watawaliwa. Afrika Mashariki tuliipata kwa sura hiyo hiyo: sheria ya Kenya ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Babu zetu walichukuliwa madole bila kushukiwa kuua mtu. Pengine ndiyo sababu mojawapo iliyomfanya Muhammed Said Abdulla, alipomzaa mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka 1960, achukue kutoka kwa Doyle kiko na rafiki wa kumuuliza maswali, Najum, na kuiacha maabara huko huko London. Hilo ni dhana yangu tu. Ninachokiona kwenye kurasa ni kwamba Bwana Msa hufika kwenye ukweli kwa mazungumzo na kwa nasaba, nani ni mtoto wa nani, na ushahidi wake hukaa vinywani mwa watu.

Limebaki jambo la majivu. Masalia yaliyoungua yalichukuliwa tangu siku ya kwanza kuwa ya Oldacre, kwa ushahidi wa vifungo. Hakuna mhusika anayeuliza kama ni ya binadamu. Hadithi ilipotoka, swali hilo halikuwa geni. Mwaka 1901 Paul Uhlenhuth alikuwa ameshatangaza kipimo cha kutofautisha damu ya mtu na ya mnyama, na mwaka huo huo kikatumika kwenye nguo za seremala aliyeshukiwa kuua watoto katika kisiwa cha Rügen, Ujerumani. Seremala alidai madoa ni rangi ya mbao. Kipimo kikaonyesha damu ya binadamu, na mahali pengine damu ya kondoo. Kweli, kipimo hicho ni cha damu, hakingefaa kwa mifupa iliyogeuka mkaa. Lakini kwa mifupa palikuwa na elimu ya zamani zaidi, ya kulinganisha maumbo, ambayo daktari yeyote alipitishwa chuoni. Na daktari yupo. Siku ya pili Watson anasimama Norwood, hatua chache kutoka kwenye rundo lile, na hakuna anayemwambia njoo utazame mifupa hii. Doyle, naye daktari, hakumwambia.

Mwishoni Holmes anamuuliza Oldacre alitia nini kwenye moto, mbwa mfu au sungura, na Oldacre hataki kusema. Basi Holmes anamgeukia Watson na kumwambia kwamba akija kuiandika habari hii, sungura watatosha. Msomaji aliyekuzwa na ngano za Sungura mjanja atacheka kwa sababu zake mwenyewe. Mimi naona Doyle ametuonyesha, labda bila kukusudia, namna taarifa yote tuliyoisoma ilivyotengenezwa: mahali pasipo na uchunguzi, mpelelezi humwambia mwandishi ajaze nini. Watson hakupinga, akaandika kama alivyoambiwa. Na ni Watson huyo huyo tunayemtegemea kwa kila kitu kingine, pamoja na habari kwamba Holmes alisema ukuta ulikuwa mweupe.